Hongera Kabla ya Pole

Katika wodi ya watoto wachanga kulikuwa na sheria moja isiyobandikwa ukutani, na aliyeivunja alikiona cha mtema kuni. Ukikutana na mzazi kwa mara ya kwanza, hata kama mtoto wake amezaliwa asubuhi na jioni hataifikia, neno la kwanza kukutoka mdomoni ni hongera. Pole nayo ina nafasi yake, lakini ni nafasi ya pili. Ukiona machozi yanakutangulia, nenda stoo ya mashuka ukalie huko, unawe uso, ndipo uje useme hongera yako.

Aliyeweka sheria hiyo alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka na mdomo usiolala. Watu walimwita Mama Hongera. Jina lilianza kama kejeli, kwa sababu mwanzoni wengi walidhani kichwa chake hakiko sawa. Unampaje hongera mtu ambaye ameambiwa sasa hivi kwamba mtoto wake hataishi? Yeye aliwajibu mikono ikiwa kiunoni: "Kwani hakuzaa? Amebeba mimba, amesikia uchungu, ana mtoto. Mnataka akae hapa ameficha uso kama mwizi?"

Kuna dereva wa lori, pande la mtu, ambaye alimkunjia ngumi kabisa. "Hongera ya nini? Unanicheka?" Mama Hongera hakurudi nyuma. "Hongera ya binti," akamwambia. "Una binti, na ana vidole virefu kama vyako. Njoo umwone kwanza, kisha ndiyo unipige." Ngumi ikalegea. Baba yule alikaa na binti yake kifuani hadi mwisho, na alipotoka ukumbini kuwapigia ndugu zake simu, kabla hajasema lolote la msiba alisema, "Nilipata binti." Wodi nzima ilimsikia. Tangu siku hiyo hata daktari wa watoto, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, hakuingia kwa mzazi yeyote bila hongera.

Tena kulikuwa na kile chumba. Mwisho wa ukumbi palikuwa mahali pa kutupia vitanda vibovu, na Mama Hongera alipapigania mpaka wakubwa wa hospitali wakawa wakimwona wanageuza njia. Hatimaye walimpa. Akapaka rangi, akaweka kitanda kipana, viti vyenye mito, beseni jipya na pazia jepesi kwenye dirisha linaloingiza jua la asubuhi. Akakiita Chumba cha Wazazi. Mashine zenye kelele haziingii humo. Mtoto ambaye matibabu yameshindwa kumponya haachwi peke yake chini ya taa. Anapelekwa humo pamoja na watu wake, na kazi ya wauguzi ni kuhakikisha hapati maumivu, hapati baridi wala hakosi mikono ya kumshika. Wageni kutoka hospitali nyingine walikuja kukitazama, naye aliwatembeza kama mtu aliyehamia nyumba yake mwenyewe, akawafungulia hadi makabati. Kichwa kilimvimba, ndiyo. Na kivimbe tu, ana haki.

Sababu ya ukali wake hakuificha, ila hakuirefusha. Kabla ya binti yake wa sasa alizaa mtoto mwingine, wa kike pia, ambaye hakuishi hata muda wa kuchemsha chai. Hakupewa ambebe. Waliomzunguka walimwambia pole, utapata mwingine, na habari ikaishia hapo. Ni kweli alipata mwingine. Lakini yule wa kwanza hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza alifanana na nani. Hayo aliyasema mara moja tu kwa wenzake kazini, na mara moja kwa binti yake alipokuwa mkubwa wa kuelewa, kisha akarudi kwenye shughuli zake.

Huyo binti alikuwa fundi wa majokofu, mwanamke wa maneno machache mwenye makovu ya nyaya mikononi. Aliolewa na mwoka mikate mcheshi, na wakakaa katika ndoa bila mtoto hadi majirani wenyewe wakachoka kuuliza. Mimba ilipoingia, Mama Hongera aliitangaza kuanzia getini hadi jikoni kwa wapishi wa hospitali. Alianza kuitwa Bibi kabla ya wakati wake, na aliitika bila haya.

Mtoto alizaliwa mchana, katika wodi ya wazazi iliyokuwa ng'ambo ya ukumbi. Alikuwa wa kiume, mkubwa, nywele tele, na alilia kwa sauti ya kuamsha mtaa. Kisha midomo yake ikaanza kubadilika rangi. Daktari wa watoto aliitwa, akampima moyo, akarudia kupima, akaketi na wazazi na kuwaeleza. Alipotoka huko alikwenda moja kwa moja kumtafuta bibi wa mtoto, akamkuta akikunja blanketi, akamweleza kama mtu anavyomweleza mwenzake wa kazi.

"Upande mmoja wa moyo haukuumbika. Hakuna dawa wala upasuaji wa kumwokoa. Huenda akaiona kesho, zaidi ya hapo sidhani. Wazazi wanajua. Nimewaahidi hataumia."

"Sawa, Daktari," alisema Mama Hongera. Alimalizia kulikunja lile blanketi, akalinyoosha pembe zake, akaliweka juu ya mengine. Kisha akavuka ukumbi.

Alipofungua mlango alimwona binti yake amekaa kitandani, mtoto kifuani, na mkwe wake amepiga magoti pembeni. Binti aliinua uso, na ilionekana wazi kabisa kwamba alikuwa akimngoja mama yake, na kwamba alijua atakachokisikia. Roho ilimruka Mama Hongera. Maneno aliyoyasema maisha yake yote ya kazi yalimkimbia, yakabaki yale ya watu wa zamani.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana."

Binti alimtazama kama anayetazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Daktari amenipa hongera," alisema taratibu. "Nesi mwenzako Kipaza amenipa hongera. Hata dada aliyekuja kupiga deki ameegemeza fagio lake akanipa hongera. Wewe ndiye uliyewafundisha wote hao. Halafu mimi niliyetoka tumboni mwako unaniletea pole?"

"Mwanangu, nili..."

"Toka, Mama. Rudi ukiwa nesi, au rudi ukiwa bibi, chagua mwenyewe. Msiba bado hatujaufikia."

Mkwe alifungua mdomo kutaka kusuluhisha, akaona uso wa mkewe, akaufunga.

Basi Mama Hongera akaenda kule alikokuwa akiwatuma wengine. Alijifungia stoo ya mashuka, akakaa juu ya furushi, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Wale wanaosema manesi wameshazoea hawajawahi kusimama nje ya mlango ule. Kifo chenyewe hakikuwa kigeni kwake. Kilichomkata maini ni kwamba mjukuu wake yupo, anapumua, hatua chache tu kutoka alipokaa, na huenda akaondoka bila kupokewa na bibi yake. Yeye aliyewapokea watoto wa watu wote, wa kwake amempokea kwa pole.

Mlango ukasukumwa. Aliyeingia alikuwa Kipaza, muuguzi mwenzake tangu ujana, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata akinong'ona walinzi wa getini wanasikia.

"Unalowesha mashuka safi," alisema Kipaza. "Simama. Vua hiyo sare."

"Nini?"

"Vua. Zamu yako nimeichukua mimi. Yule mtoto hana upungufu wa manesi. Bibi ndiye asiye naye."

"Nitampa hongera kwa moyo upi? Sinao."

"Mbona wale wengine uliwapa?"

"Wale hawakuwa wangu!"

Kipaza akausukuma mlango ukafungwa. Akaketi naye juu ya furushi, bega kwa bega. "Basi sasa umejua," alisema baadaye, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kweli. "Wale akina mama ulikuwa unawabebesha kitu kizito. Na walikibeba, tena wakakushukuru. Yule ni binti yako, anaweza kukibeba. Wewe ndiye unayesitasita. Vua sare."

Mama Hongera akavua. Alivaa gauni alilokuja nalo kutoka nyumbani, akafunga kitambaa kichwani, akazunguka nje hadi mlango wa wageni, mlango ambao hakuwahi kuupita. Kipaza alikuwa ameshatangulia, amesimama mlangoni mikono kifuani.

"Wewe nani?"

"Usinichezee, Kipaza."

"Namuuliza mgeni. Wewe nani kwa mgonjwa?"

Mama Hongera alivuta pumzi. "Mimi ni bibi wa mtoto."

"Karibu, Bibi. Nawa mikono mpaka kwenye viwiko. Pete vua. Simu izime mlio. Na hapa ndani hatutaki kelele."

Masharti yote hayo aliyatunga yeye mwenyewe, na sasa aliona yanavyokera. Alinawa. Maji yalipokuwa yakimtiririka mikononi alijisikia akirudia chinichini, mimi ni bibi wa mtoto, mimi ni bibi wa mtoto, na kila aliporudia mgongo wake ulizidi kunyooka. Kwa kweli alikuwa bibi. Hilo hakuna moyo mbovu ulioweza kuliondoa.

Walikuwa wameshahamishiwa Chumba cha Wazazi. Aligonga mlango, na sauti iliyomtoka ilivunja lile sharti la kelele bila huruma.

"Hodi humu! Nimesikia kuna mtu amezaliwa. Mimi ni bibi yake. Nimechelewa, mnisamehe. Hongera, mwanangu! Hongera, mkwe wangu! Haya, nipeni mtu wangu nimwone."

Binti alimkazia macho. Akamwinua mtoto kidogo kutoka kifuani.

"Bibi yako huyo," akamwambia mtoto. "Alipitia kwingine kwanza. Ndivyo alivyo, utamzoea."

Mama Hongera alimpokea. Mikono ile ilikuwa imebeba watoto wasiohesabika, na huyu naye ikampima uzito. "Lo! Huyu si mtoto, ni gunia la unga!" alisema, na mwoka mikate akacheka huku machozi yakimtoka. Akamkagua kama wanavyokagua mabibi wote duniani, kuanzia nyayo kwenda juu. Vidole vya miguu ni vya mama yake. Masikio, bahati mbaya, ni ya baba. Paji la uso la mama. Alipofika puani alisimama. Ilikuwa pua fupi, ncha yake imenyanyuka kidogo, kama ya mtu anayenusa chakula cha jirani.

"Na pua hii," alisema pole pole, "ni ya kwetu."

"Ya kwenu wapi, Mama?" Mkwe hakukubali. "Yako hiyo imelala, ya mke wangu ndefu kama ya marehemu baba mkwe. Hii imenyanyuka. Hii ni ya shangazi yangu kabisa."

"Nimesema ya kwetu."

"Ya nani sasa?"

"Ya kwetu. Acha kubishana na mama mkwe wako, huna adabu."

Wakacheka wote watatu, na Kipaza kule nje akapiga mlango kuwaonya kwamba kuna sheria. Mwoka mikate alisema mtoto huyu ambaye watu wazima wote wamesimama kumzunguka lazima ni bosi mahali fulani, na kuanzia hapo likawa jina lake. Bosi amelala. Bosi amekunja uso, nani amemuudhi? Alipiga simu kwenye tanuri la mikate, na kwa mkono mwingine alijifuta kamasi huku akipaza sauti. "Jamani, nimepata dume! Ndiyo! Kubwa! Hapana... moyo wake mbovu, hatakaa sana. Ndiyo. Lakini njooni kwanza mnipe hongera yangu, hayo mengine baadaye."

Walikuja baada ya zamu, nguo zimejaa unga, wakasimama dirishani upande wa nje kwa zamu, na kila mmoja alimpungia Bosi mkono.

Bosi alipoanza kuhema kwa shida, Kipaza aliingia na matone ya dawa ya kutuliza, akayadondosha taratibu ndani ya shavu lake na kukaa naye hadi mbavu zikaacha kuvutana. Mikono ya Mama Hongera ilikuwa inamwasha. Kila Kipaza alipogusa kitu, yeye aliinuka nusu. "Bibi, kaa," aliambiwa, na akakaa. Baadaye aliinuka tena, akaambiwa tena. Mara ya mwisho hakuinuka. Alibaki amemtazama mwenzake akifanya kazi, akaona ustadi ule aliouishi bila kuutazama: jinsi Kipaza alivyopasha mikono yake moto kabla ya kumgusa mtoto, jinsi alivyomwambia Bosi kila atakachofanya kana kwamba Bosi ana uwezo wa kukataa. Hii wodi yangu ina watu, aliwaza. Kifua kilimjaa fahari na maumivu kwa pamoja, na hakujaribu kuvitenganisha.

Binti alikamua maziwa kidogo, akampaka mtoto mdomoni kwa kidole. Ulimi mdogo ukatoka, ukalamba. "Ameyapenda!" baba yake alitangaza, na ungedhani mtoto amefaulu mtihani wa taifa. Asubuhi iliyofuata jua lilipoingia dirishani walivuta pazia, wakaziweka nyayo zake kwenye mwanga. Bosi alikunjua vidole. Walikaa hivyo, hawana haraka, wanasifia nyayo.

Alikufa kabla ya adhuhuri, kwenye kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, mkono wa baba yake ukiwa mgongoni mwake. Daktari alipiga magoti, akasikiliza kwa muda mrefu, akaondoa kifaa chake masikioni.

"Ameondoka," alisema. "Mmemtunza vizuri sana."

"Hakuumia?" aliuliza binti.

"Hakuumia."

Binti hakutosheka. Alimgeukia mama yake, kwa sababu huyo ndiye angeweza kumwambia kweli.

"Hakuumia, mwanangu," alisema Mama Hongera. "Nilikuwa natazama. Hakuumia hata kidogo. Sasa nakupa pole. Pole, mwanangu. Pole, mkwe wangu."

Ndipo binti akalia, kwa sauti, na mama yake akamshika hadi alipomaliza.

Baadaye walimwogesha wenyewe. Kipaza alileta maji ya uvuguvugu katika lile beseni, akaweka taulo, akatoka. Mwoka mikate alikishika kichwa cha mwanawe. Binti aliosha mikono na miguu kwa vidole vyake vyenye makovu, taratibu, kama anavyogusa nyaya nyembamba kuliko zote. Mama Hongera aliachiwa uso. Alipangusa paji, akapangusa mashavu, akafika puani, na hapo mkono wake ukasimama kama ulivyosimama jana.

Binti aliona. Aliweka kitambaa chini, akajifuta mikono kwenye gauni, akasimama wima mbele ya mama yake.

"Mama," alisema. "Hongera."

Mama Hongera alimtazama.

"Hongera ya mjukuu, maana nilikufukuza kabla sijakupa. Na hongera ya dada yangu. Ulizaa mtoto na hakuna aliyekupa hongera yake, basi naitoa mimi." Akamsogelea zaidi. "Alifanana na nani?"

Neno lile aliligawa kwa watu miaka yote, na lilipomfikia yeye hakujua pa kuliweka. Mwisho alisema kile walichosema wazazi wote aliowapa.

"Asante," alisema. "Asante, mwanangu."

Kisha akanyoosha kidole, akaigusa ile pua ndogo iliyonyanyuka ncha.

"Walimpitisha mbele yangu haraka haraka, wamemfunika. Nguo ilisogea kidogo nikaona pua tu. Ilikuwa hii."

Mwoka mikate, ambaye tangu jana alikuwa akimpigania shangazi yake, aliinamisha uso, akamtazama mwanawe kwa muda.

"Basi ni ya kwenu, Mama," akasema. "Ni ya kwenu."